Kijani kilichopotea: uchambuzi wa kisa cha mboga kavu Tabora na pete ya elektroni 18

Kikundi cha akina mama wanaokausha mboga, nje kidogo ya mji wa Tabora kuelekea Uyui, kilipeleka sokoni majani makavu ya kunde, yale wenyeji wanayoyaita nsansa, na sehemu kubwa ya mzigo ikarudishwa. Mnunuzi alifungua mifuko mitatu akaimwaga juu ya karatasi. Majani ya mfuko wa kwanza yalikuwa ya kijani kilichokolea. Ya mfuko wa pili yalikuwa na rangi ya zeituni inayoelekea kahawia. Ya mfuko wa tatu yalikuwa yamepauka kama nyasi za Agosti. Yote yalitoka shamba moja, yalichumwa juma moja, na hakuna lililoota ukungu. Mnunuzi akakata shauri: "Haya jua limeyaunguza, mama. Nitachukua mfuko huu mmoja."

Kikundi kilimwamini. Awamu iliyofuata kila kitu kikaanikwa kivulini. Mboga iliyokuwa ikipauka ikapona kwa sehemu, lakini ile iliyokuwa ikigeuka zeituni iligeuka vilevile, tena kivulini kabisa. Hapo ndipo kisa kinapoanza kuwa cha kemia, kwa sababu matokeo hayo hayaelezeki kama tatizo lilikuwa moja.

Yalikuwa matatizo mawili. Majani ya zeituni yalikuwa bado na pete kubwa ya klorofili (rangi ya kijani ya jani; pete hapa ni mduara wa atomi), nzima kabisa. Kilichotoka ni magnesiamu iliyokaa katikati yake. Majani yaliyopauka ndiyo ambayo pete yenyewe ilikatika. Ni sawa na pete ya kidoleni: kito kikidondoka pete ipo na sonara anaweza kuweka kito kingine, lakini pete ikikatwa kazi ni nyingine. Sehemu kubwa ya uchambuzi huu inahusu swali hili: kwa nini pete hiyo hustahimili maji yanayochemka na asidi, halafu ikashindwa na jua la siku mbili?

Yaliyofanyika kwa kila mfuko

Walipoulizwa hatua kwa hatua, historia ya kila mfuko ilijitokeza bila utata.

Mfuko wa kwanza: maji mengi, yakichemka kwa nguvu, sufuria wazi. Majani yakachovywa kama dakika 2, yakahamishiwa moja kwa moja kwenye beseni la maji baridi, yakachujwa, yakaanikwa kwenye chekecheke lililofunikwa kitambaa cheusi.

Mfuko wa pili: kuni zilikuwa chache, hivyo sufuria ilifunikwa na maji yaleyale yakatumika fungu baada ya fungu. Majani yalikaa motoni karibu dakika 10. Yalipotolewa hayakupozwa, yalirundikwa kwenye beseni yakiwa ya moto mpaka yakapoa yenyewe.

Mfuko wa tatu: majani mabichi, hayakupita kwenye maji ya moto, yakatandazwa juu ya turubai la bluu, juani, siku mbili.

Mtu mwenye uzoefu wa jikoni angelaumu "moto mwingi" kwa mfuko wa pili na "jua jingi" kwa wa tatu, na asingekosea sana. Ila majibu hayo hayasemi kwa nini madhara yanatofautiana, na bila kujua hilo huwezi kupanga marekebisho.

Pete iliyomo ndani ya jani

Klorofili a ina fomula C55H72MgN4O5. Ina mkia mrefu wa kaboni 20, fitoli, unaoishikiza kwenye utando wa mafuta ndani ya jani. Kichwa chake ni pete kubwa, bapa, iliyojengwa kwa vipete vinne vya piroli vilivyoungwa na madaraja manne ya kaboni moja moja. Naitrojeni nne zinatazamana kwa ndani, na katikati yao ndipo ilipokaa magnesiamu.

Mifupa hii ni ya familia ya porfirini, ambamo pia imo hemu ya damu yetu yenye chuma katikati. Hesabu elektroni za pai za porfirini, yaani zile za bondi maradufu zinazoelea juu na chini ya bapa la pete: atomi 24 za pete (kaboni 20, naitrojeni 4), bondi maradufu 11, elektroni 22. Lakini ukitafuta njia fupi isiyokatika inayozunguka pete nzima, utapata elektroni 18. Kanuni ya Erich Hückel ya mwaka 1931 inasema pete bapa iliyounganika mzunguko mzima huwa aromatiki, yaani hupata uthabiti wa ziada, ikiwa idadi ya elektroni zake za pai ni 4n+2. Benzini ina 6, n ikiwa 1. Njia ya porfirini ina 18, n ikiwa 4. Klorofili imepungukiwa na bondi maradufu moja kwenye kipete cha nne, lakini bondi hiyo iko upande wa nje, pembeni ya njia ya elektroni 18. Ndiyo maana kupungukiwa huko hakuiondolei uaromatiki.

Kanuni ya Hückel peke yake haitoshi, na hapa wanafunzi wengi wa kidato cha sita hukosea. Anuleni, yaani pete tupu ya kaboni na hidrojeni yenye bondi moja na maradufu kwa zamu, ikiwa ya kaboni 10 ina elektroni 10, nayo 10 ni 4n+2. Kwa hesabu ingepaswa kuwa imara. Kwa kweli ni molekuli dhaifu sana. Ikijaribu kulala bapa, hidrojeni mbili zinazoelekea ndani zinagongana, na ikijipinda ili kuzikwepa, elektroni hazizunguki tena vizuri. Emanuel Vogel alionyesha mwaka 1964 kwamba ukiondoa hidrojeni hizo mbili na kuweka daraja la kaboni moja mahali pake, pete hiyohiyo ya kaboni 10 inakuwa aromatiki. Anuleni ya kaboni 18, iliyotengenezwa na Franz Sondheimer na wenzake, ina tundu kubwa linalotosha hidrojeni sita za ndani bila kubanana sana. Kwenye kipimo cha NMR, kinachotumia sumaku kutofautisha hidrojeni kwa mahali zilipo na kuzipa namba za ppm, ikipoozwa mpaka nyuzi −60 hivi, hidrojeni 12 za nje zinaonekana karibu na ppm 9.3 na zile sita za ndani karibu na ppm −3. Tofauti hiyo ya karibu ppm 12 ndiyo alama ya mkondo wa elektroni unaozunguka pete ikiwekwa kwenye sumaku: mkondo unaimarisha nguvu ya sumaku nje ya pete na kuidhoofisha ndani yake.

Porfirini hutatua tatizo la msongamano kwa namna bora kuliko anuleni yoyote tupu. Vipete vinne vya piroli vinafanya kazi ya viunzi: vinailazimisha pete ilale bapa, na mahali ambapo hidrojeni sita zingebanana pamekaa naitrojeni nne. Porfirini isiyo na metali ina hidrojeni mbili tu katikati, nazo kwenye NMR huonekana kati ya ppm −2 na −4. Mkondo ni uleule wa anuleni 18, ila jengo ni imara zaidi.

Ukubwa wa pete una gharama yake, na gharama hiyo ndiyo iliyoupausha mfuko wa tatu. Kadiri pete inavyokuwa kubwa, nafasi ya nishati kati ya elektroni za juu kabisa zilizojazwa na ngazi tupu inayofuata inapungua. Benzini hunyonya mwanga wa urujuanimno tu, karibu nanomita 255, hivyo machoni petu haina rangi. Klorofili a hunyonya mwanga wa buluu karibu na nanomita 430 na mwekundu karibu na 662, ikiwa imeyeyushwa kwenye etha. Tunachokiona ni kijani kinachobaki. Pete inayonyonya mwanga wa jua unaoonekana inabeba nishati hiyo kila dakika iliyo juani, na nishati hiyo lazima iende mahali fulani.

Mfuko wa pili: asidi ilifika katikati

Seli ya jani hai huweka asidi zake ndani ya mfuko wa maji uliotengwa na klorofili. Maji ya moto yakipasua tando, asidi inatoka na kuizunguka pete. Protoni zinashika naitrojeni, magnesiamu inatoka, na hidrojeni mbili zinakaa mahali pake. Klorofili imekuwa feofitini, yenye rangi ya zeituni. Uzito wa molekuli unashuka kutoka karibu 893.5 hadi 871.2, kwa sababu umetoa magnesiamu ya 24.3 ukaweka hidrojeni mbili.

Elektroni ambazo naitrojeni hutumia kuishika magnesiamu zimelala kwenye bapa la pete, zikielekea katikati. Elektroni za uaromatiki ziko juu na chini ya bapa hilo. Kwa hiyo asidi inaweza kung'oa metali bila kuugusa mzunguko wa 18. Feofitini ni aromatiki kama klorofili. Rangi ilibadilika kwa sababu metali husogeza kidogo ngazi za nishati: ikitoka, kilele cha buluu kinahama kutoka 430 kwenda karibu 409, na vilele vidogo vinajitokeza karibu na 505 na 535. Macho yetu yanayasoma mabadiliko hayo kuwa kahawia-zeituni.

Sasa rudi kwenye sufuria. Kufunika kulizuia asidi zinazoruka na mvuke zisitoke. Kutumia maji yaleyale kulilimbikiza asidi ya kila fungu juu ya fungu lililotangulia. Dakika 10 badala ya 2 ziliupa mmenyuko muda. Na kuyarundika majani ya moto kwenye beseni, jambo ambalo watu wengi hulipuuza, kuliuendeleza huku kila mtu akidhani mapishi yamekwisha: katikati ya rundo la majani yaliyolowa joto hukaa muda mrefu. Klorofili a hupoteza magnesiamu haraka zaidi kuliko klorofili b, nduguye wa kijani chenye unjano aliyemo kwenye jani hilohilo, ndiyo maana dalili ya kwanza ni kijani chenye ubuluu kugeuka kijani chenye unjano, kabla zeituni haijaonekana. Ukiona hivyo sufuriani, toa majani hapohapo.

Kivuli hakikusaidia kwa sababu mwanga hauhusiki kabisa katika hatua hii. Madhara yalikwisha kabla majani hayajafika kwenye chekecheke.

Mfuko wa tatu: daraja lilikatika

Kwenye majani mabichi yaliyotandazwa juani wavunjaji walikuwa wawili kwa pamoja.

Mmoja ni vimeng'enya. Jani lililochumwa linaendelea kuishi kwa saa kadhaa, na linaponyauka huanza kuvunja klorofili yake lenyewe, sawasawa na linavyofanya likizeeka mtini. Magnesiamu hutolewa, mkia wa fitoli hukatwa, kisha kimeng'enya chenye chuma huingiza oksijeni kwenye moja ya madaraja manne ya kaboni na kulikata. Pete inafunguka na kuwa mnyororo. Baada ya hatua chache zaidi kinachobaki hakina rangi. Kuna pia kimeng'enya cha lipoksijenesi kinachooksidisha mafuta ya jani, na viini huria vinavyozaliwa humo hushambulia klorofili iliyo jirani.

Mwingine ni mwanga. Fotoni nyekundu ya nanomita 660 hubeba kilojuli 181 hivi kwa moli. Katika jani hai nishati hiyo inapokelewa na mitambo ya usanisinuru, na karotenoidi zinasimama karibu kuzima ziada. Jani likinyauka mpangilio huo unavurugika. Klorofili iliyosisimka inaangukia hali ya tripleti, inadumu muda wa kutosha kukutana na oksijeni ya hewa, na kuipa nishati. Oksijeni inahitaji kilojuli 94 tu kwa moli ili igeuke singileti, hali ambayo ni kali sana kwa bondi maradufu zenye elektroni nyingi. Inapiga pale ambapo pete ni tajiri zaidi wa elektroni, yaani kwenye madaraja ya kaboni, na daraja moja likikatika mzunguko wa 18 umekwisha. Hakuna uaromatiki wa robo tatu ya pete: njia ikikatika mahali pamoja, faida yote imepotea, na kipande kilichobaki kinaoksidika kirahisi zaidi kuliko pete nzima.

Kwa hiyo neno "imara" linahitaji kukamilishwa kila linapotumika: imara dhidi ya nini? Dhidi ya joto la nyuzi mia na asidi ya jani, mzunguko wa elektroni 18 haukuyumba hata kidogo. Dhidi ya mwanga ukishirikiana na oksijeni, pete kubwa ina udhaifu ambao benzini haina, nao unatokana na ukubwa uleule unaoipa rangi.

Turubai lenyewe ni ushahidi mzuri. Rangi ya bluu inayotumika sana kwenye plastiki ni fithalosaiyanini ya shaba, binamu wa porfirini: pete kubwa yenye mzunguko wa ndani wa elektroni 18, naitrojeni nne zinazotazama katikati, na shaba badala ya magnesiamu. Jua lile lililomaliza klorofili kwa siku mbili linaipiga bluu hiyo miaka. Turubai likizeeka huchanika kwa sababu minyororo ya plastiki imekatika, huku vipande vyake vikiwa bado bluu. Tofauti ni tatu. Madaraja yake ni naitrojeni badala ya kaboni yenye hidrojeni, hivyo hayana utajiri ule unaoivutia oksijeni singileti. Pembeni ina vipete vinne vya benzini vinavyoikaza. Na shaba, yenye elektroni moja isiyo na mwenza, huizimua pete iliyosisimka haraka mno kabla haijakutana na oksijeni.

Kipimo cha kutenganisha matatizo haya mawili

Vifaa ni vya maabara ya kawaida ya sekondari, pamoja na kitu kimoja kinachopatikana kwa wakala yeyote wa fedha za simu: tochi ya zambarau ya kukagulia noti bandia.

Saga gramu 1 ya majani makavu kwenye kinu na punje chache za bikaboneti ya soda, ili asidi iliyomo isiharibu klorofili wakati unaitoa. Vitabu vingine vinasema tumia chaki. Angalia kwanza chaki yenyewe: idondoshee siki. Ikitoa povu ni kaboneti na inafaa. Isipotoa ni jasi, haizimui asidi yoyote. Ongeza mililita 10 za spiriti isiyotiwa rangi (ile ya zambarau au bluu itakupotosha), koroga dakika 5, chuja kwa pamba kwenye chupa iliyofungwa karatasi ya alumini. Fanya kazi mbali na dirisha. Asetoni ya asilimia 80 hutoa rangi vizuri zaidi, lakini inachemka kwenye nyuzi 56 na mvuke wake unadaka moto kwa mbali, kwa hiyo kwa hatua za kupasha moto hapa chini spiriti ni salama zaidi, nayo pia ipashwe kwa maji ya chupa ya chai, bila moto wa wazi.

Zima taa, mulika. Mchuzi wa mfuko wa kwanza unang'aa wekundu wa damu ya mzee. Mchuzi wa mfuko wa pili, pamoja na rangi yake mbaya ya kahawia, unang'aa wekundu vilevile. Huo ndio ushahidi wa kwanza kwamba pete ipo, kwa kuwa wekundu huo hutolewa na pete aromatiki inaposhuka kutoka kwenye msisimko. Mchuzi wa mfuko wa tatu ni wa njano, kwa sababu ya karotenoidi zilizosalia, na wekundu ni hafifu au haupo. Tahadhari: mchuzi mzito hunyonya mng'ao wake wenyewe na utadhani haung'ai. Uzimue kwa spiriti mpaka uwe mwepesi kama chai ya rangi. Na ukiona mng'ao wa buluu, hiyo ni sabuni au karatasi nyeupe.

Ushahidi wa pili ni mrututu, yaani salfeti ya shaba. Yeyusha gramu 1 ya mrututu kwenye mililita 10 za maji. Chukua mililita 2 za mchuzi wa mfuko wa pili, weka tone moja la siki na matone 3 ya mrututu, usimamishe mrija kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika 15 hadi 20. Shaba inaingia mahali ilipotoka magnesiamu, na kahawia inageuka kijani kikali chenye ubuluu. Mulika tena: wekundu umezimika, kwa sababu ileile ya elektroni ya shaba isiyo na mwenza. Kijani kurudi na mng'ao kufa kwa pamoja ni uthibitisho kwamba metali imeingia kwenye pete nzima. Mchuzi wa mfuko wa tatu ukifanyiwa hivyo haubadiliki zaidi ya kupata ubuluu hafifu wa mrututu wenyewe. Hakuna pete ya kuipokea shaba.

Kipimo hushindwa mara nyingi kwa sababu mbili. Ukitumia asidi kali nyingi badala ya siki, protoni zinashindana na shaba na kijani kinachelewa. Ukizidisha maji, rangi inajitenga na mchuzi unakuwa na utusitusi, ongeza spiriti.

Shule yenye spektrofotomita iende mbali zaidi. Kwa mchuzi wa asetoni ya asilimia 80, fomula ya Arnon ya mwaka 1949 hutoa jumla ya klorofili kwa miligramu kwa lita: 20.2 mara unyonyaji kwenye nanomita 645, jumlisha 8.02 mara unyonyaji kwenye nanomita 663. Usiitumie kwa mfuko wa pili bila kufikiri. Feofitini nayo hunyonya karibu na 665, hivyo fomula itakuambia kuna klorofili wakati magnesiamu imekwisha. Tazama vilele vya 505 na 535 kwanza.

Kuna matumizi mengine ya kipimo hiki ambayo wanunuzi wangepaswa kuyajua. Mboga kavu yenye kijani kinachong'aa kupita kiasi, isiyotoa wekundu chini ya tochi na isiyogeuka zeituni ikitiwa siki na joto, inatia shaka kwamba imetiwa shaba. Mrututu ni sumu. Ni dawa ya ukungu shambani na kemikali ya maabara, na haupaswi kugusa chakula kwa kisingizio chochote cha kurudisha rangi. Mchuzi wa kipimo hiki unamwagwa mbali na kisima, na kinu kilichotumika hakirudi jikoni.

Marekebisho

Kwa kikundi hiki marekebisho yalihusu sufuria kabla ya kuhusu jua. Lita 10 za maji kwa kila kilo 1 ya majani, ili maji yasipoe yanapopokea mboga. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi na hayatapanda zaidi hata kuni ziongezwe. Kinachohitajika ni muda sahihi, dakika 2 hadi 3 kwa majani laini ya kunde. Muda huo unatosha kuzima vimeng'enya vingi. Sugu kuliko vyote ni peroksidesi, na ndiyo hupimwa kiwandani. Kwa kikundi, kipimo rahisi ni hidrojeni peroksaidi ya duka la dawa: ponda jani lililochovywa, idondoshee. Povu jingi linaonyesha katalesi bado iko hai na muda haukutosha. Katalesi ikifa haimaanishi peroksidesi nayo imekufa, kwa hiyo ongeza nusu dakika juu ya muda ambao povu lilikoma.

Sufuria ibaki wazi. Maji yabadilishwe baada ya mafungu matatu au manne, au mapema zaidi yakianza kuwa ya njano. Nusu kijiko cha chai cha bikaboneti kwa lita 10 kinatosha kuzimua asidi. Magadi ya kawaida yana nguvu zaidi, na hapa mazoea ya jikoni yanahitaji kuzuiwa: magadi mengi hulinda kijani vizuri sana, kwa sababu bila protoni magnesiamu haitoki, lakini yanalainisha jani mpaka linateleza na yanaharibu vitamini B1 na C. Mboga ya kijani isiyo na vitamini ni hasara kwa mlaji hata kama mnunuzi ameridhika.

Kupoza ni lazima: maji baridi, dakika mbili tatu, kisha chujio. Baada ya hapo ndipo kivuli na kitambaa cheusi vinapopata maana. Tabaka moja la majani kwenye chekecheke lililoinuliwa, upepo ukipita chini, mpaka jani livunjike mkononi kwa mlio.

Hifadhi inafuata mantiki ileile. Mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga ukining'inizwa dukani utapaukia upande mmoja, ule unaotazama mlango, na huo ni mvunjiko wa pete. Mfuko uliofungwa majani yakiwa na unyevu utageuka zeituni kote sawasawa, hata ukiwa gizani, na huo ni upotevu wa magnesiamu. Mnunuzi anayejua tofauti hiyo anaweza kusema kosa lilifanyikia wapi kwa kuutazama mfuko tu.

Pete ikikosa mwanga na oksijeni hudumu muda usiokadirika kwa vipimo vya jikoni. Mkemia Mjerumani Alfred Treibs, katika kazi yake ya mwaka 1934, alitambua porfirini kwenye mafuta ghafi na miamba, nyingi zikiwa zimebeba vanadi mahali pa magnesiamu, akazitambua kuwa ni mabaki ya klorofili ya viumbe vya kale. Mkia umekatika, metali imebadilishwa, vijitawi vya pembeni vimepotea, na mzunguko umebaki. Magharibi ya Tabora, Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na maji yake ya chini hayana oksijeni wala mwanga. Mwani unaozama humo hufika mahali ambapo wavunjaji wote wawili wa mfuko wa tatu hawapo.

Awamu ya tatu ya kikundi, iliyopita kwenye sufuria wazi, maji baridi na kitambaa cheusi, ilitoa mifuko ya kijani isipokuwa michache yenye madoa ya zeituni katikati ya majani. Madoa yalikuwa pale majani yalipogandamana ndani ya chujio yakiwa bado na joto. Suluhisho ni kuyatandaza kwa mkono kabla ya kuyatoa kwenye maji baridi.